Mtandao wangu unachelewa kujifunza na daktari hauamini: nianzie wapi?

Swali la msomaji

"Ninafunza mtandao wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano) utambue nimonia kwenye picha za eksirei za kifua. Nina kadi moja ya GPU, ile inayofanya hesabu za mafunzo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na mafunzo yakianza leo yanamalizika baada ya siku tatu. Kwenye picha za majaribio ninapata usahihi wa asilimia 94. Nilipojaribu picha za hospitali nyingine ukashuka hadi 71, na hata unapokosea unasema una uhakika wa asilimia 99. Daktari niliyemwonyesha kazi aliniuliza: 'Nitajuaje ni wakati gani niuamini?' Sikuwa na jibu. Nianze na lipi, kutafuta mashine kubwa zaidi au kuufanya mtandao uaminike?"

Jibu

Mashine kubwa iache kwanza. Ukiipata leo, utaletewa jibu lilelile lenye shaka, ila litafika mapema. Wala usidhani kwamba kasi na kuaminika ni njia panda ambayo lazima ushike upande mmoja. Kwa hali yako, kasi ndiyo itakayolipia kuaminika. Jaribio linalokula siku tatu ni jaribio ambalo huthubutu kulirudia, na mtandao ambao haujahojiwa mara nyingi hauwezi kuaminiwa na mtu yeyote, ukiwemo wewe uliyeutengeneza. Nitakujibu kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi kama kazi hiyo ingekuwa mikononi mwangu.

Anza na hiyo asilimia 94. Katika picha zako za majaribio, wenye nimonia ni wangapi? Ikiwa ni 6 katika kila 100, basi mtandao unaosema "hana ugonjwa" kwa kila mtu, bila hata kuitazama picha, nao utapata 94. Kwa hiyo neno usahihi liweke kando, uhesabu mambo mawili: katika wagonjwa, mtandao umewatambua wangapi, na katika wazima, umewaachia wangapi. Namba hizo mbili zikishapatikana, swali la daktari linaanza kupata jibu, kwa sababu jibu lake linategemea sana watu wanaoingia mlangoni kwake. Tuchukue mtandao unaotambua wagonjwa 90 katika 100 na kuwaachia wazima 90 katika 100. Upeleke mahali ambapo mtu 1 katika 100 ndiye mwenye nimonia. Kati ya watu 1,000 wagonjwa ni 10, na utawanasa 9. Wazima ni 990, na 99 kati yao watapigiwa kengele bure. Kengele zimelia mara 108 na za kweli ni 9 tu: daktari akiitwa mara 12, mara 11 amesumbuliwa bila sababu. Sasa uhamishe mtandao huohuo, bila kugusa hata uzani mmoja (namba za ndani ambazo mtandao hujifunza), uende mahali ambapo watu 34 katika 100 wana nimonia. Katika kengele 372, za kweli ni 306, yaani zaidi ya nne katika kila tano.

Namba hizo za 1 na 34 nimezichukua karibu kama zilivyo kutoka utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLOS Medicine, ambao Zech na wenzake walitumia picha za kifua za taasisi tatu za Marekani. Katika picha za hospitali ya Mount Sinai, takriban theluthi moja zilikuwa na nimonia. Katika picha za NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani) na za Chuo Kikuu cha Indiana, ni karibu asilimia 1. Mitandao yao ilijifunza kutambua picha imetoka taasisi gani, na kwa taasisi mbili kubwa haikukosea karibu hata mara moja. Fikiria maana yake. Ukishajua picha imetoka wapi, nusu ya jibu umeshaipata kabla ya kuangalia pafu. Mtandao ulikuwa unasoma hata alama za chuma ambazo wapiga picha huziweka pembeni mwa filamu kuonyesha kulia na kushoto. Haukuwa na kosa lolote kwa kufanya hivyo: uliambiwa upunguze makosa, ukashika njia fupi kuliko zote. Ninaamini kwa dhati kwamba kushuka kwako kutoka 94 hadi 71 kuna jambo la aina hii ndani yake.

Lipo jambo jingine ambalo ningelikagua hata kabla ya hilo. Ulizigawaje picha zako kati ya mafunzo na majaribio? Kama ulizichanganya zote kama karata ukazigawa, mgonjwa mmoja anaweza kuwa pande zote mbili. Mkusanyiko wa picha za kifua ambao NIH iliutoa mwaka 2017 na ambao wengi wanautumia una picha 112,120 za wagonjwa 30,805, yaani wastani wa zaidi ya picha tatu kwa kila mtu. Mbavu za mtu, umbo la moyo wake, waya wa kifaa alichopandikizwa, vyote vinajirudia kwenye kila picha yake. Mtandao ukishazikariri hizo, mtihani wako unapima kumbukumbu. Mimi mwenyewe niliwahi kufurahia matokeo kwa wiki nzima, kisha nikagawa upya kwa namba za wagonjwa badala ya majina ya faili, na sehemu kubwa ya furaha ile ikayeyuka. Kazi hiyo ilinichukua dakika ishirini. Ningeifanya siku ya kwanza, ningeokoa wiki.

Mkusanyiko huohuo una somo lingine: lebo zake, yaani majibu yaliyoandikwa kwa kila picha, zilitolewa na programu iliyosoma ripoti za madaktari, hivyo nyingine si sahihi. Hata mikusanyiko inayosifiwa ina kasoro hizi. Mwaka 2021, Northcutt na wenzake walikadiria kwamba angalau asilimia 6 ya lebo kwenye picha za uhakiki za ImageNet, mkusanyiko maarufu wa picha za kawaida, zina makosa. Chukua picha 200 ambazo mtandao wako umekosea kwa uhakika mkubwa, ukae na daktari mzitazame moja baada ya nyingine. Utakuta baadhi yake ni lebo ndiyo iliyokosea, na kila lebo unayoisahihisha inaongeza kuaminika. Sijui kazi nyingine yenye faida kama hiyo kwa kila saa unayoiwekeza.

Kisha fanya jaribio la kuziba. Funika mapafu kwa weusi kwenye kila picha, ufunze mtandao mdogo kwa picha zilizobaki na fremu tu. Ukiendelea kupata matokeo mazuri, umeshajua kwamba habari inapenya kupitia pembeni: maandishi, alama, ukungu wa mashine ya kubebeka ambayo hupelekwa kitandani kwa wagonjwa mahututi. Jaribio hili halihitaji picha kubwa wala mafunzo marefu, pikseli 128 kwa 128 zinatosha kabisa.

Hapo ndipo tunafika kwenye siku zako tatu.

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama kadi yako inafanya nini wakati wa mafunzo. Mara nyingi sana kadi imekaa ikisubiri. Diski inasoma faili kubwa ya eksirei, kichakataji kikuu cha kompyuta kinaifungua, kinaipunguza, kinaikabidhi, na kazi hiyohiyo inarudiwa kila mzunguko kwa picha ileile. Kama kadi inafanya kazi chini ya nusu ya muda wake, tatizo lako haliko kwenye kadi, na kadi kubwa zaidi itasubiri vilevile. Punguza picha mara moja tu, uzihifadhi zikiwa ndogo, uongeze idadi ya michakato ya kompyuta inayozisoma na kuzileta kwenye kadi. Kutoka pikseli 1,024 kwa 1,024 hadi 256 kwa 256, kila picha inakuwa na pikseli pungufu mara 16. Lakini usiishie kwenye wastani: nimonia iliyotanda itaonekana kwa pikseli 256, doa dogo la mwanzo wa ugonjwa huenda lisionekane. Jaribu ukubwa mbili au tatu, na uangalie hasa wagonjwa wenye dalili hafifu ndio wanaopotea au la.

Halafu piga hesabu ya kumbukumbu, maana watu wengi hudhani ni ukubwa wa mtandao unaojaza kadi. Ukitumia Adam, njia maarufu ya kusahihisha uzani, kwa namba za biti 32, kila parameta, yaani kila uzani, inahitaji baiti 16: nne za uzani wenyewe, nne za gradienti (namba inayoonyesha uzani usahihishwe kuelekea wapi), na nane za wastani mbili ambazo Adam huzitunza. ResNet-50, mtandao maarufu wa kutambua picha tuuchukue kama mfano, ina parameta takriban milioni 25, hivyo ni kama megabaiti 400. Gigabaiti 7 na zaidi zilizobaki zimekwenda wapi? Zimeshikwa na matokeo ya kila tabaka, yaani kila hatua ya hesabu za mtandao, kwa kila picha ya kundi linalopitishwa kwa pamoja, ambayo lazima yatunzwe hadi kosa lirudishwe nyuma kutoka tabaka la mwisho hadi la kwanza. Ndiyo njia ileile ambayo watafiti Rumelhart, Hinton na Williams waliieneza mwaka 1986. Ukilielewa hili, unajua pa kukata.

Cha kwanza ni kutumia namba za biti 16 kwa sehemu kubwa ya hesabu. Watafiti wa Baidu na NVIDIA walieleza njia hii mwaka 2017: nakala kuu ya uzani inabaki kwenye biti 32, hesabu nzito zinafanywa kwa biti 16, na kosa linazidishwa kwa namba kubwa kabla ya kurudishwa nyuma ili gradienti ndogo zisigeuke sifuri. Usiiruke hatua hiyo ya kuzidisha. Biti 16 za kawaida haziwezi kushika namba kubwa kuliko 65,504, na huku chini nako zina kikomo chake. Gradienti zikizama huko, mtandao unaacha kujifunza kimyakimya bila kutoa onyo lolote. Kwa kadi za kisasa, badiliko hili peke yake linaweza kupunguza muda kwa kiasi kikubwa, na programu zote kubwa za ujifunzaji wa kina zinaliwezesha kwa mistari michache.

Ikiwa kumbukumbu bado haitoshi, acha kutunza matokeo ya kila tabaka. Tunza ya baadhi, mengine yahesabiwe upya yanapohitajika. Utalipa takriban theluthi moja ya muda zaidi, kwa sababu kurudi nyuma hugharimu kama mara mbili ya kwenda mbele na sasa unakwenda mbele mara ya pili. Au tumia makundi madogo ya picha na ujumlishe gradienti za makundi kadhaa kabla ya kusahihisha uzani. Kwa ResNet-50 na gigabaiti 8, sidhani kama utafika huko.

Usianze kutoka sifuri. Chukua mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida, uuendeleze kwa eksirei zako. Lakini usitarajie miujiza ya usahihi. Mwaka 2019, Raghu na wenzake walionyesha kwamba kwenye picha za kitabibu faida ya kuanzia huko kwa usahihi ni ndogo. Faida iliyo wazi ni kwamba mafunzo yanatulia haraka. Walionyesha pia kwamba mitandao midogo, rahisi, ilikaribiana sana na ile mikubwa maarufu. Hilo lingenifanya nijaribu mtandao mdogo kabla ya kufikiria mkubwa.

Na kabla ya mafunzo yoyote marefu, chukua picha 32 tu uone kama mtandao unaweza kuzikariri hadi kosa lifike karibu na sifuri. Ukishindwa, kuna hitilafu kwenye programu yako, na ni afadhali uijue kwa dakika mbili kuliko kwa siku tatu. Ila kufaulu kukariri hakuthibitishi kitu kingine. Zhang na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mitandao ya kawaida inaweza kukariri kikamilifu picha zilizopachikwa lebo za kubahatisha, ambazo hazina maana yoyote ndani yake. Kosa dogo kwenye mafunzo halikuambii kama umejifunza au umekariri.

Sasa tuseme siku tatu zimekuwa saa sita. Saa ulizookoa usizitumie kumaliza mapema. Zitumie kufunza mtandao uleule mara tano, kila mara ukianza na uzani tofauti wa kubahatisha. Mwaka 2020, D'Amour na wenzake wengi wa Google walionyesha kwamba mitandao inayolingana kwenye mtihani wa kawaida inaweza kutofautiana waziwazi ikipelekwa kwenye hali mpya, ilhali tofauti yao ni namba ya kuanzia tu. Ukiwa na mmoja, hutajua umeangukia upi. Ukiwa na mitano, pale inapokubaliana una sababu ya kutulia, na pale inapogombana una ishara ya hatari ambayo mmoja peke yake asingekupa. Ukiwa na picha za hospitali tatu, funza kwa mbili, jaribu kwa ya tatu, kisha zungusha. Namba utakayoipata hapo itakuwa ndogo kuliko 94. Hiyo ndiyo namba yako.

Kuhusu ile asilimia 99 unayoambiwa hata kwenye makosa: hilo ni jambo linalojulikana. Guo na wenzake walilipima mwaka 2017 na kukuta kwamba mitandao ya kisasa, yenye tabaka nyingi, hujiamini kupita kiasi kuliko mitandao midogo ya zamani, ingawa hukosea mara chache zaidi. Pima ya kwako hivi. Kusanya picha zote ambazo mtandao ulisema una uhakika wa kati ya asilimia 90 na 100, uhesabu ulipatia ngapi. Ukiwa umepatia 75 katika 100, basi "99" yake haimaanishi 99. Tiba waliyoipendekeza ni nyepesi ajabu: kabla ya tabaka la mwisho kugeuza alama kuwa uwezekano, gawanya alama zote kwa namba moja, iitwayo halijoto, unayoitafuta kwa kutumia picha za uhakiki. Haibadilishi jibu la mtandao kuhusu nani mgonjwa. Inapunguza majivuno yake tu. Hesabu yake ni ya dakika chache.

Lakini halijoto uliyoipima kwa picha za hospitali moja haina dhamana kwenye hospitali nyingine. Ovadia na wenzake walilichunguza hilo mwaka 2019: kadiri data inavyotofautiana na ile ya mafunzo, ndivyo uhakika unavyopotoka, na kati ya njia walizozilinganisha, kundi la mitandao kadhaa inayotolewa wastani ndilo lililostahimili vizuri zaidi. Umeona kwa nini nilikuambia ufunze mitano?

Ukifika hapo, upe mtandao ruhusa ya kusema "sijui". Weka kiwango: chini ya uhakika fulani, au mitandao mitano ikitofautiana, picha inakwenda kwa daktari bila pendekezo lolote. Kisha chora mstari unaoonyesha, kadiri unavyoongeza idadi ya picha zinazorudishwa kwa daktari, makosa katika zilizobaki yanapungua vipi. Kama hayapungui, mtandao wako hajui asichokijua, na hilo ni tatizo zito kuliko usahihi mdogo.

Picha zile za rangi zinazoonyesha mtandao "ulitazama wapi" zitumie kwa tahadhari. Adebayo na wenzake waligundua mwaka 2018 kwamba baadhi ya njia za kuzitengeneza hutoa picha karibu ileile hata ukiharibu uzani wote wa mtandao kwa makusudi. Njia ya namna hiyo inachora kingo za picha, haielezi uamuzi. Ukitaka kuitumia yoyote, ifanyie jaribio hilohilo kwanza.

Nimalizie na jambo moja ambalo najua litakujia: kuupogoa mtandao ili uingie kwenye kompyuta ndogo ya hospitali. Unaweza kuondoa sehemu kubwa ya uzani na wastani usitikisike. Lakini Sara Hooker na wenzake, katika kazi iliyotoka mwaka 2019, walitazama ni picha zipi hasa zinazoumizwa na upogoaji, na wakakuta madhara hayasambai sawasawa. Yanawaangukia wachache: picha zisizo za kawaida, makundi yenye mifano michache kwenye data. Tafsiri yake kwako ni watoto, wazee sana, wenye vifaa kifuani, waliopigwa picha kwa mashine ya aina isiyo ya kawaida. Wastani wa 90 kabla na 90 baada unaweza kuficha kundi lililotoka 85 likaanguka hadi 60. Kwa hiyo kila unapopunguza kitu, iwe ni pikseli, biti au uzani, rudia vipimo kwa kila kundi peke yake, na useme wazi ni nani aliyelipa gharama ya ulichookoa. Hapa sina msimamo wa kati: kama huna picha za kutosha za kundi fulani kuweza kulipima, andika kwamba mtandao haujapimwa kwao na usitumike kwao.

Rudi kwa daktari wako ukiwa na karatasi moja: wagonjwa wangapi mtandao unawanasa na wazima wangapi unawaachia katika hospitali ambayo haukuwahi kuiona, kengele ngapi zitakuwa za kweli kwa idadi ya wagonjwa anayowapokea yeye, picha ngapi katika 100 zitarudishwa kwake, na makundi ambayo hayajapimwa. Kisha mwombe akuchagulie picha kumi ambazo zilimsumbua yeye mwenyewe, zile alizolazimika kumwita mwenzake. Zipitishe kwenye mitandao yote mitano akiwa amekaa pembeni yako, mhesabu pamoja ni ngapi kati ya hizo kumi mitandao nayo ilisita.